Windows ya Wizi Siyo ya Bure

Nimeadimika hapa kwa wiki kadhaa. Wanaonifahamu walidhani nimebanwa na kazi za gazeti. Wengine wakadhani nimeoa kimyakimya. Hapana, jamani. Kompyuta ya nyumbani ilikufa, nikailia, halafu ikafufuka ikiwa na roho nyingine. Leo nataka niwaeleze ilivyokuwa, kisha nigombane na baadhi yenu. Wa kwanza kugombana naye ni mimi mwenyewe.

Mwenzenu nilikuwa mwizi.

Kazi yangu mnaijua. Naandika habari gazetini, na sehemu kubwa ya habari hizo ni za watu waliojichukulia visivyo vyao. Sasa fikirieni. Habari hizo zote nilikuwa naziandika kwenye kompyuta yenye Windows ya wizi, kwa kutumia Word ya wizi, na picha nikizisafisha kwa Photoshop ya wizi. Kona ya chini kulia ya kioo kulikuwa na yale maandishi hafifu yanayokukumbusha kuwa leseni hujalipia. Mnayajua sana, msijifanye. Nimekaa nayo miaka miwili. Ni kama doa la ukutani, ukishalizoea hulioni tena.

Na msiniambie kwamba "kila mtu anafanya hivyo." Utetezi huo nimeusikia mara nyingi, tena kutoka kwenye midomo ya watu ninaowaandika.

Haya, kisa chenyewe.

Kompyuta yetu ni ya mezani, mtumba, niliinunua Kariakoo. Prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha sita, RAM gigabaiti 4. Tunaitumia watu watatu: mimi, mama yangu, na mdogo wangu aliye kidato cha nne. Siku moja Office ikagoma, ikataka leseni. Nikaibeba mpaka kwa fundi. Fundi akaitazama kidogo tu, akasema, "Braza, hii nakupigia Windows upya na Office juu, elfu kumi na tano tu." Nikamlipa. Akanipa na flashi ya zawadi yenye programu ndogo ya kuvunja kufuli la leseni. Akaniambia, "Ikigoma tena, zima kinga ya virusi, bofya hii. Kinga ikipiga kelele usiijali, ina wivu tu."

Nilicheka. Ni utani mzuri, au siyo?

Miezi mitatu baadaye Office ikagoma tena, usiku, na mimi nina habari ya kukabidhi asubuhi. Nikachomeka flashi. Kinga ya virusi ikapiga kelele, nikaizima. Nikabofya. Office ikafunguka, nikaandika, nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyefanikiwa.

Asubuhi kila faili ilikuwa imeota mkia wa herufi nne nisizozijua. Picha hazifunguki. Nyaraka hazifunguki. Ndani ya kila folda kuna barua fupi: mafaili yako yamefungwa, ukitaka ufunguo lipa dola 980, ila ukiwahi ndani ya saa 72 tutakupunguzia, lipa 490. Hata wezi wana ofa ya msimu.

Baadaye nilisoma nikajua kuwa virusi vya ukoo huu vinaitwa STOP/Djvu, vilianza kusambaa mwaka 2018, na njia yao kuu ya kuingia ndiyo hiyo hiyo niliyowafungulia: programu za wizi na vile vivunja kufuli vya leseni. Mara nyingi haviji peke yake. Huja na mwenzao wa kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kompyuta.

Nilipoteza nini? Nilipoteza sauti za mahojiano kumi na moja. Ni wazee wa kijiji kimoja wanaodai fidia ya ardhi yao, watu waliokubali kuongea nami kwa sababu niliwaahidi kwamba maneno yao yatakuwa salama kwangu. Mmoja wao amekwishafariki. Sauti yake ilikuwepo sehemu moja tu duniani, nayo ni kwenye kompyuta ambayo mlango wake niliufungua mimi mwenyewe kwa mkono wangu ili nisilipie leseni. Nilitumia siku nzima kubadilisha nywila na kuwapigia simu watu mmoja mmoja niwaambie kuwa huenda barua pepe zao kwangu zimesomwa na mtu nisiyemjua. Mnajua aibu ya simu ya namna hiyo? Siwaombei.

Mama naye alikuwa na hesabu za VICOBA yao humo, michango ya akina mama thelathini. Nikamweleza huku nikitetemeka. Akanisikiliza, akaenda chumbani, akarudi na kaunta buku lake. Kila kitu kimo, kwa kalamu ya bluu. "Mwanangu, mimi hiyo mashine sijawahi kuiamini," akasema. Mama hajakanyaga chuo kikuu, lakini alikuwa na nakala ya akiba. Mimi mwenye shahada sikuwa nayo.

Sasa tupige hesabu. Microsoft inauza Windows 11 Home kwa dola 139 huko Marekani. Mimi nilikataa kulipa fedha hiyo, nikampa fundi shilingi elfu kumi na tano, nikaishia kudaiwa dola 490 na mtu asiye na jina, na nikapoteza kitu ambacho hakina bei. Hiyo ndiyo Windows mnayoiita ya bure.

Tena ngoja. Hata ambaye hajapigwa kama mimi analipa. Mafundi wetu wakikupigia Windows ya wizi mara nyingi huzima na masasisho, ili leseni isije ikagundulika. Kumbukeni Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipovamia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha kuwatibu wagonjwa. Tundu kilichopitia lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao kiraka hakikuwafikia. Asiyesasisha anaishi nyumba isiyo na komeo, na Windows ya wizi imejengwa bila komeo makusudi.

Hapa najua kuna msomaji anajiandaa kuniambia kuwa naitetea kampuni tajiri. Sina ugomvi na mtu anayedai malipo ya jasho lake. Mimi nikiandika makala nataka nilipwe, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi yangu. Ugomvi wangu ni sisi. Tunadhani tukiiba tunawakomoa. Hatuwakomoi hata kidogo.

Mnakumbuka Bill Gates alivyosema mwaka 1998, mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alipokuwa jukwaani pamoja na Warren Buffett? Akizungumzia China, alisema watu wa huko hawalipii programu, lakini ilimradi wameamua kuiba, yeye angependa waibe za kwake. Watazizoea kama mtu anavyozoea kilevi, na baadaye kampuni itatafuta njia ya kukusanya fedha zake. Hakusema kwa siri. Alisema hadharani, na alikuwa sahihi. Tazameni vyuo vyetu: "somo la kompyuta" ni Windows, Word na Excel, basi. Kijana anatoka na cheti kinachosema anajua kompyuta, kumbe anajua bidhaa ya duka moja. Ni sawa na kufundishwa udereva halafu ukaweza kuendesha Toyota tu.

Na mwenye duka akibadili utaratibu, wewe mteja wa uchochoroni huna pa kulalamika. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ipo nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, lakini njia iliyopangwa ni kuhamia Windows 11, ambayo ilitoka Oktoba 2021. Sasa Windows 11 ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa kiasi kikubwa prosesa iwe ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta yetu ni ya kizazi cha sita. Inawaka, inaandika, inacheza muziki, haina kosa lolote, lakini kwenye orodha haimo. Na nchi yetu imejaa mashine za kizazi cha nne, cha tano, cha sita, za mitumba, mashuleni na kwenye stesheneri za kila mtaa. Tuzitupe? Tukazitupe wapi? Tununue mpya kwa fedha zipi?

Hapo ndipo niliposema basi. Nikahamia Linux.

Kwa wasioijua, nitaeleza kwa kifupi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatangaza kiini cha mfumo alichokuwa anakitengeneza kama kazi ya kujifurahisha. Viwili hivyo vikakutana. Leo kiini hicho kinaendesha kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, imekuwa hivyo tangu Novemba 2017. Na kama simu yako ni ya Android, basi Linux unayo mfukoni. Umekuwa ukiitumia kutwa nzima huku ukiniambia kwamba ni ngumu.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hii haikuwa ngeni kwetu. Ubuntu, moja ya Linux zinazojulikana kuliko zote, ilitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni neno la Kibantu, ndugu zangu, ni utu! Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakituma diski kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, popote alipo duniani. Na mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo menyu zake zote ni za Kiswahili. Za Kiswahili! Iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi, hapakuwa na wa kuombwa ruhusa. Sasa niambieni, nani kati yenu aliwahi kuifungua? Mimi nimesoma mpaka digrii katika nchi hii, na sikuwahi kufundishwa kwamba ipo. Tulipewa jembe letu lenye mpini wa lugha yetu, tukaliacha uani, tukaenda kuiba trekta la jirani.

Haya, kuhama kwenyewe. Sitawadanganya kwamba kulikuwa laini.

Nilichagua Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu, kwa sababu inafanana na mazingira tuliyozoea na inaridhika na mashine dhaifu. Faili lake ni karibu gigabaiti 3, kwa hiyo andaa bando. Nililiandika kwenye flashi ya gigabaiti 8, nikawasha kompyuta kupitia flashi hiyo. Kizuri ni kwamba unaweza kuijaribu yote ikiwa bado kwenye flashi, bila kugusa diski yako. Nikajaribu sauti, ikakubali. Kibodi, sawa. Waifai, ikagoma. Kijidude changu cha kuchomeka kilikuwa cha aina ambayo haitambuliki hadi uipakulie kiendeshi chake. Nikaunganisha simu kwa waya, nikachukua intaneti ya simu, nikapakua kiendeshi, jioni ikakubali. Printa nayo ilinitoa jasho siku ya pili. Kwa ujumla nilihangaika siku mbili. Nazikubali, naziandika hapa. Lakini hebu jumlisha siku ulizopeleka mashine kwa fundi miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya virusi peke yake, halafu tulinganishe.

Siku ya tatu mama akaja na kaunta buku lake. Akakaa. Nikanyamaza makusudi. Akaangalia kioo, akauliza, "Ile ya majedwali iko wapi?" Nikamwonyesha alama ya LibreOffice Calc. Akaanza kuingiza michango. Alipomaliza akainuka, akaenda jikoni. Hakuuliza huu ni mfumo gani, hakusema ni mgumu. Wanaosema ni mgumu ni wasomi wenzangu ambao hawajawahi kuugusa.

Sasa nawajibu wabishi, maana nawajua.

Mbishi wa kwanza: "Ofisini wanataka Word." Nami ofisini wanataka Word. Naandika kwa LibreOffice, nahifadhi kwa mtindo wa docx, natuma. Mhariri wangu hajagundua. Fonti za Liberation zimetengenezwa herufi zake ziwe na upana ule ule wa Times New Roman na Arial, kwa hiyo mistari haihami. Majedwali yenye mikogo mingi huwa yanavurugika, hilo kweli. Kama unatuma barua ya mwisho isiyohaririwa, tuma PDF, matatizo yamekwisha.

Mbishi wa pili: "Photoshop haipo." Haipo, kweli. InDesign pia haipo. Kama kazi yako ni kupanga kurasa za gazeti na mwajiri amekulipia programu hizo, baki nazo kwa amani, simsemi wewe. Lakini wangapi kati yetu tunafanya kazi hiyo? Mimi napunguza picha, nakata pembeni, naongeza mwanga. GIMP inafanya yote. Sauti nakata kwa Audacity. Anayeiba bohari nzima ili apate bisibisi moja ana tatizo jingine.

Mbishi wa tatu, mdogo wangu: "Kaka, magemu yangu je?" Baadhi yanacheza, baadhi hayachezi. Amenuna wiki moja. Mtihani wa kidato cha nne unakuja, kwa hiyo hapo sioni hasara.

Mbishi wa nne ni msomi kidogo: "Mbona jiji la Munich lilishindwa?" Swali zuri. Munich iliamua kuhamia Linux mwaka 2003, ikahamisha kompyuta karibu 15,000, na mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Ni kweli na haifichiki. Lakini jandarmeria ya Ufaransa ilianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na haikurudi nyuma, na jimbo la Schleswig-Holstein, huko huko Ujerumani, lilitangaza Aprili 2024 kuwa linawahamishia watumishi wake wapatao 30,000 kwenye LibreOffice, na hatimaye Linux. Zaidi ya hapo, Munich ilikuwa na Windows ya kulipia ya kurudia. Wewe na mimi tunarudia ipi? Ile ya flashi ya fundi?

Mbishi wa mwisho: "Linux nayo ina virusi." Inaweza kupata, hakuna nyumba isiyovunjika. Ukibofya kila takataka utaumia hata ukiwa na Linux. Tofauti ni kwamba programu unazichukua kwenye ghala lake rasmi, masasisho yanakuja wazi wazi, na huna sababu hata moja ya kuzima kinga usiku wa manane ili uvunje kufuli. Kufuli halipo.

Kwa atakayetaka kuanza leo, fanya hivi. Kwanza, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, na uichomoe. Usiniambie utafanya kesho. Mimi nilisema kesho. Pili, pakua Linux Mint kutoka kwenye tovuti yake yenyewe, usipewe na mtu. Tatu, iandike kwenye flashi, washa nayo, ijaribu waifai, sauti na printa kabla ya kusakinisha. Nne, kama roho inasita, iweke pembeni ya Windows, vyote viwili vikae kwenye diski moja, uchague kila unapowasha. Tano, jipe mwezi mmoja. Lugha yoyote mpya inataka mwezi.

Na nyinyi mafundi, siwachukii. Yule wangu nilimrudia. Nilikwenda na flashi, safari hii ni mimi niliyempa. Nikamwambia aina hii anaweza kuwapigia wateja bila kuvunja sheria, na elfu kumi na tano yake akachukua ile ile, kwa kuwa ni malipo ya kazi ya mikono yake, siyo ya mali ya mtu mwingine. Akaitazama kwa mashaka. "Wateja watauliza Windows iko wapi, braza." Nikamwambia awaulize wao kwanza risiti ya Windows iko wapi.

Wazee wa kile kijiji nitawarudia mwezi ujao, nianze mahojiano upya. Kumi watanirudia maneno yao. Wa kumi na moja hayupo, na hilo hakuna mfumo endeshi utakaonisaidia.

Kona ya chini kulia ya kioo changu sasa kuna saa tu. Wewe ya kwako ina nini?